Kikohozi Alichokiacha Garini

Kila alfajiri, kabla ya kushuka garini, Ngwali alikohoa kwanza.

Aliegesha Corolla yake kwenye kona ya mbali ya maegesho ya wafanyakazi wa uwanja wa ndege, karibu na uzio, akapandisha vioo vyote vinne, akazima redio. Kisha alikunja leso mara nne, akaiweka mdomoni, akakiachia kikohozi. Kilikuwa kikavu, hakina cha kutoa. Kilianza na mwasho mdogo kooni, kama unyoya, kikaishia kumtoa machozi na kumwinamisha juu ya usukani. Kikitulia, alikingoja kirudi, nacho kilirudi. Dakika kumi zikipita alifuta macho, akatia karafuu moja chini ya ulimi, akavaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, akashuka kwenda kupanda basi la wafanyakazi. Alijiambia kwamba akikimaliza mle garini hakitamfuata ndani, na siku nyingine kweli kilimtii mpaka saa nne.

Kigen, kijana wa Eldoret aliyekuwa naye zamu moja, alikuwa amelizoea lile gari lenye vioo vilivyoingia ukungu.

"Mzee Ngwali, kwani huko ndani unaongea na nani kila asubuhi? Umeoa bibi wa pili unamficha kwa gari?"

"Wa pili wa nini, na huyu wa kwanza bado namwogopa?"

"Na hicho kikohozi?"

"Aleji."

"Ah, hiyo ni ya kila mtu. Texas hii hata miti inatuchukia."

Neno hilo lilimfaa sana Ngwali. Kuanzia Irving alikoishi, kando ya Dallas, mpaka Fort Worth, kila mtu ana aleji, na mtu akiitaja hakuna anayemuuliza mara ya pili.

Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja akiwapokea wazee kwenye mlango wa ndege na kuwafikisha kwa watoto wao nje, na katika miaka hiyo alijifunza kusukuma bila kutikisa, na kuongea na mtu ambaye anamwona kisogo tu. Siku hizi hakuongea. Alisukuma akiwa amegeuza uso pembeni, na kila alipomkabidhi mzee kwa wanawe, alimwombea kimoyomoyo asiwe amemwachia kitu.

Kwa maana Ngwali alijua anaumwa nini. Hakuwa amemuuliza mtu, lakini alijua.

Alikuwa na miaka kumi, huko Pemba, kaka yake Swafwani alipoanza kukohoa. Nyumba nzima ilibadilika. Swafwani akatengewa chumba cha uani, akatengewa sahani ya bati na kikombe kisichoning'inizwa pamoja na vingine. Ngwali alikuwa akipeleka uji mpaka kizingitini, anauweka chini, anagonga mara mbili, anakimbia. Mama yao alikatazwa na kila mtu kuingia mle: mganga mkuu wa hospitali alimkataza, mumewe alimkataza, dada zake walimkataza. Aliwasikiliza wote hadi mwisho, akasema, "Mwanangu yumo humo," akaingia. Swafwani alifariki kabla ya mwaka kwisha. Mama yao alikaa miaka miwili zaidi, naye akaenda kwa kifua kilekile.

Ngwali alipokuja Marekani na kupimwa kwa ajili ya karatasi zake, mkono ulivimba pale alipodungwa sindano. Picha ya kifua ilikuwa safi. Muuguzi alimweleza kwamba vijidudu vya kifua kikuu vimo mwilini lakini vimelala, havimdhuru wala havimwambukizi mtu. Akampa vidonge vya miezi tisa ili visije vikaamka. "Ukianza kukohoa, rudi haraka," alimwambia. Ngwali alimeza miezi miwili. Halafu alipata kazi ya zamu mbili, kisha Ramadhani ikaingia, na kwa kuwa hakuwa akisikia maumivu yoyote, chupa ilibaki kabatini mpaka ikapitwa na wakati.

Kwa hiyo kikohozi kilipoanza, mwezi wa Juni, hakushangaa. Alihisi kama mtu aliyeletewa barua aliyoijua siku nyingi kwamba itafika. Kilichomwuma zaidi ni kwamba alikuwa amepewa dawa mkononi akaiacha.

Jambo jingine la mwezi ule, yaani presha, halikumshughulisha hata kidogo. Iligunduliwa siku ya kupima afya bure pale msikitini, akapelekwa kliniki, akapewa kidonge cha rangi ya waridi cha kumeza kila siku. Alikimeza baada ya sala ya alfajiri, na chai, bila kukosa hata siku moja, kwa sababu safari hii alikuwa ameapa kutoacha dawa. Kila alipokwenda kupimwa aliulizwa kama dawa inamletea shida yoyote. "Hakuna shida," alijibu, karafuu ikiwa chini ya ulimi, akikibana kikohozi mpaka atoke nje. Aliogopa kwamba wakikisikia tu, watamfungia chumbani kama Swafwani, na jina lake litasomwa kwa kila mzee aliyewahi kumsukuma.

Nyumbani alianza kulala kochini. Mkewe, Mwatime, mwanamke wa Vanga mwenye sauti inayofika ghorofa ya chini, alimuuliza kulikoni.

"Nakoroma. Nakunyima usingizi."

"Miaka thelathini umekoroma, leo ndiyo umesikia?"

Akajinunulia kikombe cha buluu, akawa anakiosha mwenyewe na kukiweka mbali na vingine. Mwatime alikiona kile kikombe, akanyamaza, na haikuwa kawaida yake kunyamaza.

Msikitini napo, katika kile chumba walichokikodi kati ya duka la matairi na dobi, Ngwali ndiye aliyekuwa akiadhini Ijumaa. Alikuwa na sauti tulivu, isiyojionyesha, ambayo watoto waliokulia Texas walikuwa wakiiga majumbani kwao. Ijumaa moja ya Agosti adhana ilimkatikia katikati. Alisimama na mkono sikioni, watu wakangoja, mpaka mtu mwingine akaimalizia. Tangu siku hiyo alisali safu ya mwisho, karibu na mlango.

Na katika hali hiyo, Hadiya akapiga simu kutoka Houston.

Hadiya ndiye mtoto wao wa pekee. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi sita wakati huo.

"Baba, mtoto akizaliwa utamuadhinia wewe."

"Ana baba yake."

"Elibariki mwenyewe anakutaka wewe. Anasema ulimi wake bado mzito."

Elibariki alikuwa dereva wa lori la mafuta, Mchaga wa Marangu, aliyesilimu miaka minne iliyopita. Ngwali alichukua mwaka mzima kuikubali posa yake, na hata baada ya kukubali hakuwahi kumwita kwa jina.

"Tutaona," alisema Ngwali.

"Tutaona" ndilo neno alilolitumia mwaka ule mzima wa posa, na Hadiya hakuwa amelisahau.

Lakini Ngwali alikuwa akifikiria kitu kimoja tu. Kumuadhinia mtoto aliyezaliwa si kusimama mbali na kupaza sauti. Unampakata, unainama, unaweka mdomo kwenye sikio lake la kulia, karibu kiasi kwamba pumzi yako ndiyo ya kwanza kumgusa baada ya ya mama yake, na unamwitia kwa sauti ndogo. Alikuwa amewafanyia hivyo watoto kumi na wanne wa jamaa na majirani. Alijua umbali ule. Ulikuwa umbali wa kuua.

Mwezi wa Januari Mwatime alikwenda Houston kumngoja mjukuu. Februari, siku ya mvua ya baridi, simu ikaja Ngwali akiwa kazini.

"Wa kike," alisema Mwatime. "Mzima, mama yake mzima. Ngwali, uje. Mimi sitaki kusikia habari ya zamu."

Alikwenda. Barabara ya Houston ni mwendo wa saa nne, nyooka, malori mbele na malori nyuma, na wipa zilifanya kazi njia nzima. Alisimama mara tatu kwenye vituo vya mafuta ili akohoe. Kila alipowasha gari tena alijiambia atarudi Irving, na kila mara alijikuta ameshika njia ya kusini.

Hospitalini alipanda mpaka ghorofa ya nne na barakoa zake mbili. Lifti ilipofunguka aliona korido ndefu, na mwisho wake mlango wenye karatasi ya waridi. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa pale karibu na lifti. Hapo ndipo kikohozi kilipokuja, kirefu kuliko vyote vya siku ile, na kilipomwachia alijisikia akisema peke yake, "Ee Mola, kifua hiki."

"Papa, uko sawa?"

Muuguzi alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha maji. Mwanamke mnene, wa makamo, beji yake ikisema Rosette. Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo.

"Unakohoa tangu wakati gani?"

Labda ni kwa sababu hakuwa mtu wa msikitini wala wa Pemba wala wa Dallas. Labda ni kwa sababu Ngwali mwenyewe alikuwa amechoka. Akamwambia. Alimwambia habari ya Juni, na mkono uliovimba, na vidonge vya miezi tisa alivyomeza miwili, na Swafwani na sahani ya bati. Rosette alisikiliza bila kurudi nyuma, ila alivuta barakoa kutoka mfukoni akaivaa.

"Damu inatokaka?"

"Hapana."

"Jasho usiku? Umekonda?"

Ngwali alifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hapana. Mke wangu anasema nimenenepa."

"Iko dawa gani unakunywaka kila siku?"

"Hakuna. Ya presha tu."

"Ya presha tu," alirudia Rosette. "Nionyeshe hiyo ya tu."

Alikuwa nayo mfukoni mwa koti. Rosette aliisogeza chupa mbali na macho, akalisoma jina, akashusha pumzi.

"Papa, hii inakohoshaka watu. Si wote. Lakini inakohoshaka. Mama yangu ilimukohosha mwaka muzima, tukamupikia tangawizi mpaka duka ikakosa."

Ngwali alimtazama. Hakuelewa kidonge kinachokwenda kwenye damu kinatafuta nini kooni.

"Usifurahi kwanza," alisema Rosette, ingawa Ngwali hakuwa amefurahi. "Miye siko daktari. Ile vidudu yenye kulala mu mwili yako, inapashwa waiangalie muzuri. Shuka chini kwa dharura, waambie yote ile umeniambia, usiache hata moja. Na hii dawa usiikate kwa kichwa chako, wao ndio watakupa ingine. Mutoto, leo usimukaribie."

"Nimeahidi kumuadhinia."

"Leo usimukaribie," alisema tena, polepole. "Na watu wako wako wanakungoja kule. Miye sitawaambia. Weye utawaambia."

Ngwali alimpigia simu Elibariki, si Hadiya. Kijana alitoka kwenye ule mlango wa karatasi ya waridi karibu anakimbia, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Ngwali aliinua kiganja.

"Simama hapo hapo."

Elibariki alisimama hatua kumi kutoka kwake, na uso ukamsawijika.

"Baba, kama ni mimi, sema. Nitatoka chumbani. Wewe ingia ukae nao, mimi nitangoja huku nje. Hadiya analia. Anasema hujanisamehe mpaka leo."

"Si wewe."

"Tangu alipobeba mimba hujafika kwetu hata—"

"Si wewe, Elibariki."

Jina lilimnyamazisha. Ngwali alishika mgongo wa kiti.

"Nadhani nina kifua kikuu. Tangu Juni. Ndiyo maana sikuja."

Elibariki akapiga hatua moja mbele.

"Nimekwambia simama!"

"Nimesimama, Baba."

Wakabaki hivyo, lifti ikifunguka na kujifunga kati yao bila kushusha mtu. Mwisho Elibariki alifuta uso kwa mkono wa shati.

"Simu yako ina chaji?" aliuliza.

Ngwali alirudi garini. Corolla ilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya maegesho, kando ya nguzo. Alipandisha vioo vyote vinne, akakunja leso mara nne, akakohoa kama alivyofanya kila alfajiri, ila hakungoja dakika kumi ziishe. Simu iliita. Elibariki alisema, "Nimempakata, Baba. Nimeielekea kibla. Simu iko kwenye sikio langu. Sema, nami nitamwambia."

Ngwali alisema takbira ya kwanza. Baada ya kitambo aliisikia ikirudi, ndogo, ya Kichaga kidogo, ikisemwa kwa mtu mwingine. Akasema ya pili. Ikarudi. Wakaenda hivyo fungu kwa fungu, mzee akiitoa garini na kijana akiishusha sikioni. Walipofika katikati, palepale pa Agosti, unyoya ukaamka. Ngwali aliitupa simu kwenye kiti cha pili na kujifunika leso. Alipoiokota tena alidhani wamekata.

"Niko hapa, Baba," alisema Elibariki.

Kwa mbali alimsikia Hadiya: "Mwache apumue."

Akapumua. Akamalizia. Fungu la mwisho lilipokwisha kurudi, alisikia kitu kama bawaba kavu ya mlango, kikikatika na kuanza upya. Alikuwa ni mtoto.

Ndipo aliposhuka akaenda kwenye dharura na kusema yote, hakuacha hata moja. Walimshughulikia haraka kuliko alivyodhani, na kwa upole kuliko alivyokumbuka. Walimweka chumba chenye mlango wa kujifunga, wakampiga picha, na kwa kuwa kikohozi chake hakikuwa na makohozi, walimvutisha mvuke wa chumvi mpaka akapata ya kupimwa. Picha ilikuwa safi, lakini walitaka majibu yote. Siku nne alikaa katika hoteli ndogo kando ya barabara kuu. Mwatime alimletea chakula, akakiweka kizingitini, akagonga mara mbili, ila hakukimbia. Alikaa chini koridoni, mlango kati yao, akamtolea maneno yote aliyoyaweka tangu Juni.

"Miezi minane kochini! Unanambia unakoroma! Na kile kikombe chako! Mimi nikajua umenichoka, mwanamume we, nikaanza hata kuangalia nauli ya kurudi kwetu!"

"Nakoroma pia," alisema Ngwali nyuma ya mlango.

"Kula wali wako."

Siku ya tano majibu yalikamilika. Vijidudu vilikuwa bado vimelala. Kikohozi kilikuwa cha kidonge cha waridi. Daktari alimbadilishia presha dawa ya aina nyingine, akamwandikia na dawa ya kuvimaliza vile vilivyolala, na Ngwali akampa neno lake kwamba safari hii atameza mpaka cha mwisho. Alimuuliza daktari, kwa aibu, kuhusu wale wazee wote wa uwanja wa ndege. Daktari akamwambia hakumpa mtu yeyote chochote.

Kikohozi hakikuondoka siku moja. Kilipungua kama mgeni anayeaga na kukaa tena. Wiki ya kwanza vioo viliingia ukungu vilevile. Wiki ya tatu Ngwali alikaa garini dakika kumi na leso mdomoni, akingoja, na hakuna kilichokuja. Kigen aligonga kioo.

"Mzee, leo bibi amekununia?"

"Amehama," alisema Ngwali.

Hata hivyo aliendelea kukaa. Kila alfajiri anapandisha vioo, anazima redio, anasikiliza kifua chake kwa muda, kisha anashuka.

Arobaini ya mtoto ilifanywa Houston, kwenye fleti ya Hadiya. Walimwita Kudra. Majirani walikuja na masinia, wakasoma, wakala, wakaondoka na viatu visivyo vyao wakarudi kuvibadilisha. Elibariki aliwasindikiza chini. Mwatime alikuwa jikoni akiwatangazia masufuria ubaya wa vijiko vya Marekani. Ngwali alibaki kochini, bila barakoa, Kudra amelala kwenye mkono wake wa kulia. Kichwa cha mtoto kilinuka mafuta ya nazi. Aliinama, akaweka mdomo kwenye sikio lile, umbali ule, akamwambia neno moja ambalo hakuna aliyelisikia.

Hadiya alikaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake, kama alivyokuwa akikaa utotoni. Tangu siku ile ya hospitali hakuwa amemuuliza chochote. Tangu afike kwake kwa arobaini alikuwa amemfulia, amempikia, amemwita Baba asubuhi na jioni, na swali alikuwa amelihifadhi siku arobaini.

"Baba," alisema, bila kuinua uso. "Miezi minane umekaa ukidhani unakufa. Kwa nini hukunambia?"

Ngwali alimtazama mtoto, kisha akamtazama binti yake.

"Ungekuja," alisema.